Bwana Harusi wa Kilima cha Mierezi

Jumamosi, tarehe 25 Machi 2017. Arlys Kuchera aliamka saa kumi na dakika ishirini alfajiri, dakika kumi kabla ya saa yake ya mezani kulia. Saa kumi na dakika hamsini unga wa mikate ya mdalasini ulikuwa umekwisha kukandwa na kufunikwa kitambaa. Saa kumi na moja na robo sufuria ya maharage, nyama ya kusaga na pilipili ilianza kutokota. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano alianza kupiga simu, majina thelathini na moja kwa mpangilio, akiweka alama ya vema mbele ya kila jina. Hakuna aliyelalamika kuamshwa. Watu wa Sobota, Nebraska, huamka kabla ya ng'ombe wao. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane alizima injini ya gari lake chini ya kilima, akashusha kioo, akasubiri. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nane Bwana Harusi akatokea.

Bwana Harusi alikuwa kwale dume wa mbugani, mwenye unyoya mmoja wa mkia uliopinda kama ndoana, na kwa unyoya huo Arlys alimtambua kwa mwaka wa tatu mfululizo. Aliinamisha kichwa, akasimamisha manyoya ya shingo kama pembe mbili, akajaza hewa vifuko viwili vya rangi ya chungwa vilivyokuwa kando ya shingo yake, akapiga miguu chini kwa kasi ya cherehani. Kifuani mwake ukatoka mvumo kama wa mtu apulizaye mdomo wa chupa tupu. Akazunguka. Akaruka juu, akatua, akatazama huku na huku kama anayengoja vigelegele. Kisha akaanza upya. Alicheza kwa dakika arobaini na tatu kwenye kiwanja kisicho na mtazamaji. Hakuna jike aliyekuja. Hakuna aliyekuja mwaka uliotangulia, wala ule wa kabla yake, na kwale si kobe. Miaka yake ya kucheza huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Saa moja na dakika thelathini na moja akaacha, akajikung'uta, akaondoka kwa miguu, polepole, kama mgeni rasmi aliyekosewa adabu na wenyeji.

"Vumilia, bwana," Arlys alimwambia kupitia dirishani. "Leo ninakufagilia ukumbi."

Chanzo cha uhaba huo wa wachumba kilijulikana, tena kilikuwa kimesimama pande zote za kilima. Kilikuwa mierezi. Kwale jike hakanyagi mahali penye mti, kwa maana mtini hukaa mwewe, na mwewe hana habari na harusi ya mtu. Arlys alipokuwa mtoto, kilima kile kilikuwa majani matupu kutoka uzio hadi uzio, na madume ishirini na zaidi walikuwa wakivuma pale kila alfajiri hata bibi yake akawa anafunga madirisha kwa sababu ya kelele. Sasa mierezi elfu mbili mia nne na kumi na saba, kwa hesabu ya Arlys mwenyewe, ilikuwa imemeza theluthi mbili ya ekari zake mia na themanini. Ilikuwa imeinyonya chemchemi ya bondeni mpaka ikabaki doa la matope. Bwana Harusi alikuwa ameachiwa kiwanja cha ukubwa wa darasa moja la shule.

Jambo lililomwia Arlys gumu kulisema mbele ya watu ni kwamba mwerezi wa kwanza aliupanda yeye.

Katika jimbo lile kupanda mti ni jambo linalokaribiana na ibada. Wazee waliikuta nchi ikiwa mbuga tupu, upepo ukipiga bila kuombwa, na wake zao wakalilia kivuli. Basi serikali ikagawa miche, shule zikagawa vyeti, na wachungaji wakahubiri. Mwaka 1968 Arlys, mwenye miaka tisa, alipanda miche mia mbili ya mierezi kando ya nyumba pamoja na baba yake, Emil, ili kuukinga upepo. Mche mmoja aliuomba uwe wake peke yake, akaupanda kileleni mwa kilima, mahali ambapo angeuona kutoka dirisha la chumba chake. Gazeti la wilaya lilimpiga picha akiwa ameshika koleo refu kuliko yeye. Alipewa utepe wa buluu. Hadi leo utepe huo umo katika droo yake, juu ya leso.

Mti haukuwa na kosa. Ulifanya kila ulichoombwa kufanya: ukakua, ukazaa, ndege wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu. Zamani mbegu hizo zisingefika mbali, kwa sababu kila baada ya miaka michache moto ulikuwa ukipita mbugani na kuua miche ikiwa bado midogo, huku majani, ambayo mizizi yake iko chini sana, yakichipua upya baada ya wiki mbili. Lakini kwa miaka sitini watu wa Sobota walikuwa wameuzima kila moto waliouona. Moto alikuwa mpangaji wa siku nyingi. Walipomfukuza, mwerezi akahamia na ukoo wake wote.

Arlys alikuwa na miaka hamsini na minane, na kazi yake ilikuwa kupima malori ya mahindi kwenye maghala ya nafaka. Hakuna mkulima aliyewahi kubishana na karatasi iliyotoka mezani kwake. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Kwa hiyo watu walishangaa alipojiunga na Chama cha Moto, familia kumi na sita zilizokubaliana kuchomeana malisho kwa zamu, na walishangaa zaidi walipomwona, kwa misimu mitatu, akitembea na kopo la kuwashia kwenye mashamba ya wenzake akiwa na uso wa mtu aliyepokea barua nzuri.

Chama kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, uwachomee wenzako kabla wao hawajakuchomea wewe. Ya pili, siku ya zamu yako uwalishe maharage yenye pilipili pamoja na mkate wa mdalasini uliopakwa sukari, vyote kwenye sinia moja, kwa kuwa huko hakuna anayejua kula kimoja bila kingine. Taabu ya sheria ya pili ni kwamba chakula lazima kipikwe kabla ya kujulikana kama moto utawaka. Upepo ukizidi, hakuna kuwasha. Ukipungua, hakuna kuwasha. Hewa ikikauka mno au ikilowa mno, watu hula na kurudi makwao.

Tresa Hanzlik, msimamizi wa moto, mwalimu wa kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, alikuwa na daftari la siku zinazofaa. Kurasa za mwanzo, za miaka ishirini nyuma, ziliandikwa na mjomba wake, nazo zilionyesha siku kumi hadi kumi na mbili kila Machi. Za karibuni zilionyesha nne, tatu, mbili. Upepo ulikuwa umekuwa mkali, ukame ulibisha hodi Februari, halafu majani yalichipua mapema kuliko desturi, na yakishachipua hayashiki moto. Majira, Tresa alipenda kusema, yamekuwa kama mteja mlevi: huingia asipotarajiwa, na ukimhitaji humwoni.

Zamu ya Arlys ilikuwa imeahirishwa Jumamosi nne. Mara nne alikuwa amepika, mara nne watu kumi na wawili walikuwa wamekaa jikoni kwake wakila na kuutazama upepo dirishani. Hii ilikuwa Jumamosi ya tano na ya mwisho. Kwa mwaka mzima hakuwa ameingiza ng'ombe hata mmoja malishoni ili majani yawe marefu ya kuubeba moto, na hakuweza kuyalaza malisho mwaka mwingine. Moto usipowaka leo, mierezi ingebaki, na Bwana Harusi angecheza mpaka mwisho wa siku zake akiwa mbele ya hewa.

Saa nne na nusu asubuhi magari yalikuwa yamejipanga uani. Gaylen Moravek, tarishi wa posta na dereva wa gari la maji la chama, mtu wa kilo mia na ishirini, alishuka akijishika tumbo.

"Jamani, moto huu usipowaka leo nahamia hapa," alisema. "Mkanda wangu umeishiwa matundu. Mke wangu ananiuliza, 'Gaylen, unakwenda kuchoma nini huko kila Jumamosi?' Namwambia, 'Koo.'"

"Nani alikulazimisha kula mikate sita?" Arlys akauliza.

"Adabu, dada. Adabu ndiyo iliyonilazimisha."

"Minane. Niliihesabu."

Tresa alipanda juu ya tairi la gari, akainua kipima upepo, na wote wakamtolea macho kama wanafunzi wanaosomewa matokeo.

"Upepo wa kusini," alisema, "maili tisa kwa saa. Hewa iko sawa. Kibali kiko mfukoni." Mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu na kushindwa. "Jamani, tunachoma!"

Gaylen alimnyanyua mtu wa jirani yake akamzungusha. Mtu mmoja alipiga honi. Arlys alikwenda jikoni kuzima moto wa sufuria, akasimama hapo na mwiko mkononi, akacheka peke yake kwa muda wa dakika nzima.

"Sikilizeni mpango," Tresa aliendelea. "Tunaanza kaskazini, kwenye uzio wa Mzee Vernal. Pale moto utatembea taratibu kinyume cha upepo na kutuachia ukanda mweusi. Ukanda ukishakuwa mpana, tunakwenda kusini kuwasha moto mkubwa. Huo utakimbia na upepo, upande kilima, umle Mama Mkwe, ufike kwenye ukanda mweusi, ukose chakula, ufe. Saa tisa upepo unageuka kuelekea barabarani na kwenye nyumba za watu. Saa tisa nataka pawe na majivu tu. Maswali?"

"Mama Mkwe ndiye nani?" aliuliza mgeni mmoja.

"Ule mwerezi mkubwa pale kileleni," Gaylen alijibu. "Wewe ungekuwa bibi harusi, ukafika ukweni ukamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, mikono kiunoni, si ungegeuza?"

Arlys alijua jina hilo, na mwenyewe alikuwa ameanza kulitumia. Lakini aliutazama mti ule, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, na akajishika mfukoni kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau nyumbani.

Saa tano na dakika arobaini moto wa kwanza uliwashwa kwenye uzio wa kaskazini. Kopo la kuwashia lina mdomo mwembamba uliopinda, nalo hudondosha mafuta yanayowaka, tone kwa tone; ukitembea nalo unaacha nyuma yako shanga za moto. Moto ulitambaa kwa adabu, ukiishia magotini, ukilamba majani. Moshi mweupe ulipanda wima, kisha ukainama kuelekea kaskazini. Kazi ilikwenda kama ilivyochorwa. Saa sita na dakika arobaini ukanda mweusi ulikuwa umefika kileleni.

Saa saba kasoro dakika nane ilisikika kengele.

Haikuwa ya kanisa. Ilikuwa ya gari la zimamoto la mwaka 1959, jekundu, lililonunuliwa na Mzee Vernal Dusek kikosi kilipolistaafisha, na lililokuwa likija upande wa pili wa uzio kwa mwendo ambao gari la umri ule halikupaswa kuujaribu. Mzee Vernal alikuwa na miaka sabini na tisa, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkuu wa wazimamoto wa kujitolea wa Sobota. Aliendesha kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto, kupitia dirishani, alishika mpira wa maji.

"Tulia, Arlys!" alipaza sauti. "Usiogope, binti! Nimefika!"

Maji yakaruka juu ya uzio. Moto uliokuwa umetambaa kwa adabu ulikufa kwa adabu, hatua mia, hatua mia mbili, hatua mia nne. Gaylen, aliyekuwa amesimama katikati ya mstari na fagio la kuzimia cheche, alipigwa na maji kifuani, akaketi chini.

"Mzee Vernal!" alilia. "Mimi siwaki! Mzee, mimi siwaki!"

Gari lilisimama. Mzee Vernal aliteremka, akawatazama watu kumi na wawili waliovaa mavazi ya njano, makopo mikononi, vinywa wazi. Akamtazama Gaylen akitiririka maji.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunachoma," Tresa akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Mnachoma kwa makusudi?"

"Mzee Vernal," Arlys alisema, "nilikupigia simu kukuarifu. Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Niliweka alama."

"Nani alipokea?"

"Mashine yako."

"Mimi mashine siisikilizi. Mwenye jambo la maana atapiga tena."

"Sasa ukaona moshi, na bado hukuuliza?"

Mzee Vernal alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Niulize? Toka lini mtu wa hapa akaona moshi kwa Emil akakaa kupiga simu? Ningekuwa napiga simu kwanza mwaka sabini na nne, lile ghala la baba yako lingekuwa wapi leo?"

Jibu lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba ya Arlys, limepakwa rangi nyekundu, na ndani yake mlikuwa na trekta. Kosa alilitambua papo hapo, na lilikuwa lake. Katika nchi ambayo mtu huja na maji kabla ya kuvaa viatu, alikuwa ameamini kwamba alama ya vema kwenye karatasi inatosha.

Tresa alikuwa ametoa saa yake. "Hatua mia nne hazijaungua," alisema, "na ni pale pale nyuma ya Mama Mkwe. Nikiwasha moto mkubwa sasa, utapita kwenye pengo hilo na kuingia kwa mzee. Kwa hesabu yangu, kukata ukanda mwingine ni kazi ya saa mbili, na moto mkubwa bado. Hatuna saa mbili." Alimgeukia Arlys, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba habari ya msiba. "Samahani, Bi Arlys. Itabidi nifunge."

Hakuna aliyefanya mzaha. Hata Gaylen alikamua tu suruali yake, maji yakidondoka.

"Basi nimeharibu," Mzee Vernal alisema, akivua kofia. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Arlys alikuwa akiyatazama maji hayo. Alikuwa ameinama kidogo, jicho moja limefumbwa, kama alivyozoea kuutazama mshale wa mizani. Mstari wa majani yaliyolowa ulikwenda sambamba na uzio, upana hatua nne, umenyooka kama uliopigwa rula, kutoka ukanda mweusi wa upande huu hadi ukanda mweusi wa upande ule.

"Hayazoleki," alisema taratibu, "lakini yanatumika. Majani mabichi hayashiki moto, Tresa. Huu ni ukanda. Amekwisha kutukatia."

Tresa alipiga magoti, akashika majani, akanusa kiganja kama vile harufu ingemwambia saa. "Yatakauka kwa dakika kumi. Kwa jua hili, pengine nane."

"Mzee Vernal, umebakiwa na maji kiasi gani?"

"Galoni mia nne."

"Unaweza kuurudia mstari ule ule, mwendo wa mtu anayetembea?"

Mzee Vernal akavaa kofia. "Binti," alisema, "nilikuwa nachora mistari ya maji kabla wewe hujajua kuchora nyumba."

"Dakika thelathini," Tresa alisema. "Ya thelathini na moja nafunga, na sitaki kubembelezwa."

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba saa saba na dakika nne mchana, mkuu mstaafu wa wazimamoto wa Sobota aliendesha gari lake kando ya uzio akimwaga maji, na mpima malori wa Sobota akatembea upande wa pili, hatua tano nyuma yake, akimwaga moto. Maji yalitangulia, moto ukafuata. Shida ilikuwa moja tu: kila moto uliposhika vizuri, mpira wa maji wa Mzee Vernal uligeuka nyuma na kuuzima.

"Usiuguse!" Arlys alipiga kelele.

"Siugusi! Mkono unakwenda wenyewe!"

"Mwambie urudi!"

"Hausikii! Miaka thelathini na mmoja haujawahi kuona moto ukaupita bila salamu!"

Ikabidi Gaylen apande kwenye kiti cha mbele, amekaa juu ya dimbwi lake mwenyewe, na kila mkono ulipotaka kwenda nyuma aupige kofi dogo. "Acha! Mbele, mzee. Mbele. Acha! Mzee mzima, unachokoza moto wa watu!" Walipofika kileleni, Arlys alikuwa akicheka kiasi cha kushindwa kunyoosha kopo, na matone ya moto yalianguka kwa mpangilio ambao daftari lolote la kazi lingeukataa. Nyuma yao moto ulishika, ukaacha weusi, ukapanuka. Dakika ya ishirini na sita pengo lilifungwa.

Tresa aliutembea ukanda wote, akaukanyaga, akarudi na masizi puani. "Kusini!" alipaza sauti. "Wote kusini, kimbieni!"

Desturi ya chama ni kwamba moto mkubwa huwashwa na mwenye ardhi. Arlys alipokea makopo mawili, akampa Mzee Vernal moja.

"Hapana," mzee alisema. "Hapana, hapana. Emil ataniona kutoka huko juu."

"Baba atakuona hata ukikataa. Shika."

Mzee Vernal alilishika kopo kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa mtu mwingine. Akapiga hatua moja. Tone likaanguka, likashika. Alilitazama. Hakuna aliyelizima. Akapiga hatua ya pili, ya tatu, ya kumi, kisha akaanza kutembea kwa kasi, kisha, kwa ushuhuda wa watu kumi na wawili, mzee wa miaka sabini na tisa akaanza kukimbia, akiacha mkufu wa moto nyuma yake na kupiga mayowe. "Unawaka! Arlys, unawaka! Nimewasha mimi!"

Upepo uliuchukua moto. Ulisimama, ukawa ukuta, ukakimbia kupanda kilima kwa mvumo wa magunia elfu ya mahindi yakimwagwa ghalani kwa pamoja. Mwerezi hauungui kama kuni. Hunyamaza kidogo, kama unaovuta pumzi, halafu hulipuka wote mara moja, kutoka shina hadi ncha. Mmoja ulilipuka, ukafuata wa pili, halafu hamsini, halafu hawakuweza kuhesabu, hata Arlys. Watu walipiga kelele kila ulipolipuka, kama watoto wanaotazama fataki. Tresa, ambaye sheria zake zilikataza kuruka karibu na moto, aliruka.

Saa nane na dakika sita moto ulifika kwa Mama Mkwe.

Mti ulinyamaza. Ulinyamaza kwa muda mrefu kuliko mingine, kiasi kwamba Gaylen alianza kusema kitu na hakukimaliza. Kisha ukawaka, mwali mmoja ulionyooka, mrefu kuliko mnara wa kanisa la Sobota.

Mzee Vernal alikuwa amerudi, amesimama kando ya Arlys, akihema. "Ile miche mia mbili," alisema, bila kumtazama, "niliileta mimi kwa gari langu. Mimi na Emil. Tulidhani tunafanya jema."

"Mlifanya jema," Arlys alisema. "Lilizidi uzito tu."

Alivua kofia. Akaukumbuka utepe ndani ya droo, na koleo refu kuliko yeye, na macho yakamlowa, jambo ambalo baadaye alilisingizia moshi. Kisha alifanya kitu ambacho hakuna mkulima aliyewahi kukiona pale kwenye mizani: alirusha kofia hewani, akaidaka, akairusha tena.

Saa nane na dakika thelathini na tano moto mkubwa uligonga ukanda mweusi, ukatafuta cha kula, ukakosa, ukafa. Saa tisa na dakika nne upepo uligeuka, na haukukuta chochote isipokuwa majivu.

Jikoni watu walikula wakiwa na nyuso nyeusi na meno meupe. Mzee Vernal alikula bakuli tatu na mikate minne, akieleza kwa mara ya sita jinsi alivyouwasha moto, na kila mara moto ukiongezeka urefu.

"Mzee, ukiendelea hivyo utaunguza mwezi," Gaylen alisema.

"Wewe ulikuwa umelowa, uliona nini?" Mzee Vernal alimgeukia Arlys. "Chama kinachukua wazee?"

"Kinachukua. Lakini mashine yako uisikilize."

"Mashine siisikilizi. Wewe piga mara mbili."

Arlys alitoa karatasi yake ya simu kutoka mfukoni, akaikunjua juu ya meza, akasogeza sinia la mikate. Chini ya jina la thelathini na moja aliandika, kwa mwandiko wake ulionyooka, jina la thelathini na mbili: *Vernal Dusek, mara ya pili.*

Tarehe 25 Machi 2018, Jumapili, Arlys alizima injini chini ya kilima saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Bwana Harusi, unyoya wake wa ndoana ukiwa mahali pake, alitokea saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Kwale majike watatu walikuwa wamekwisha kufika kabla yake. Alicheza kwa dakika nne.